Tosta gani inafaa nyumbani kwako?

Asubuhi za shule katika nyumba nyingi za Mabawa, jijini Tanga, chai huwa tayari kabla ya kitafunwa. Maandazi ya jirani yakiisha mapema, mkate ndio unaookoa jahazi, na hapo ndipo wazazi huanza kuzungumzia kununua tosta.

Kabla ya kuuliza bei, angalia mkate unaoliwa nyumbani. Tosta ya kawaida ya matundu mawili imetengenezwa kwa ajili ya silesi nyembamba za dukani. Kama watoto wamezoea boflo linalokatwa kwa kisu, vipande vinene vitakwama, na kipande kilichokwama ndicho kinachomtuma mtoto kuchukua uma akichokonoe. Nyaya za ndani hazina kifuniko chochote. Chuma kikizigusa wakati tosta imechomekwa, umeme unamfikia aliyekishika. Kwa hiyo familia ya boflo itafute tosta yenye matundu mapana, au ibaki na kikaango. Hakuna aibu hapo: boflo lililopakwa siagi na kugeuzwa kikaangoni lina utamu ambao tosta haiufikii, na umeme ukikatika linaivishwa kwa mkaa.

Jambo la pili ni kibandiko kilicho chini ya tosta, ambacho wanunuzi wengi hawakigeuzi kukisoma. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Tosta iliyotumika Marekani ni ya volti 120, na ya Japani ni 100. Ile ya Marekani ikichomekwa hapa moja kwa moja huvuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa. Mkate hautaungua peke yake. Zinazoletwa na ndugu kutoka Oman au Dubai hazina shida hiyo, na hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa.

Na LUKU je? Tosta ya wati 800 ikiwaka dakika 12 kila asubuhi, yaani mizunguko minne ya dakika tatu, hutumia karibu uniti 5 kwa mwezi. Si nyingi, lakini nyumba iliyo kwenye bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, izihesabu, maana zikizidi hapo bei hupanda sana.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ekstensheni. Birika la wati 2,000 na tosta ya wati 800 vikichomekwa pamoja vinafika wati 2,800, karibu na kikomo cha plagi ya ampea 13. Ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba hupata moto kabla ya hapo. Tosta ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, mbali na pazia na mbali na mkono wa mdogo wa nyumba.

Chagua pia yenye trei ya makombo inayochomoka, la sivyo mende watahamia humo. Trei isafishwe tosta ikiwa imechomolewa na kupoa.

Ukiwa bado dukani, mwombe muuzaji aichomeke. Nyaya ziwake nyekundu pande zote za kila tundu, na kitasa kiruke chenyewe muda ukifika. Kisiporuka, mrudishie.