Dhambi ya pishi na dhambi ya ulimi: maonyo ya Biblia shambani na nyumbani

Msimu wa karafuu ukifika, Pemba yote hubadilika. Kutoka Wete hadi Mkoani majamvi hutandikwa uani, harufu hujaa njiani, na fedha zilizosubiriwa kwa miezi mingi huanza kuonekana. Ni wakati wa neema, na ni wakati wa majaribu. Kwa familia za Kikristo kisiwani, nyingi zikiwa zimetoka Bara kwa ajili ya kazi au biashara, ndipo hujulikana kama mahubiri ya Jumapili yanafika hadi Jumatatu.

Wengi wetu tukisikia neno dhambi humfikiria mlevi, mzinzi au muuaji. Tunashukuru kwamba sisi si wao, kisha tunafunga Biblia. Lakini fungua Wagalatia 5:19-21 uhesabu. Uzinzi na ulevi vimo. Katikati yake Paulo ameweka ugomvi, wivu, hasira na fitina, wala hakuzitenga kama dhambi ndogo. Mtu anaweza kukaa maisha yake yote bila kuonja pombe na bado akaikuta siku yake nzima katika orodha hiyo.

Tuanze na pishi. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa kipimo hicho. Hupanda mkarafuu mrefu, na wapo wanaoanguka na kuvunjika. Jioni huketi kuchambua karafuu na makonyo, ndipo apimiwe. Pishi ikijazwa mpaka ikafanya kilima, au chombo kikubwa zaidi kikaitwa pishi, hakuna anayepiga kelele za mwizi. Lakini Mambo ya Walawi 19:35-36 inataja wazi vipimo vya ujazo pamoja na mizani. Nabii Amosi (8:5) anawakemea wafanyabiashara waliokuwa wakiingoja Sabato iishe ili wakapunguze kipimo. Angalia vizuri: hao walikuwa watu wanaoishika Sabato!

Muuzaji naye ana jaribu lake. Karafuu mbichi ikikauka hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake. Kwa hiyo ni rahisi kumpelekea mnunuzi karafuu ambazo hazijakauka, au zilizochanganywa na makonyo. Makonyo yana kazi yake, hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Ukiyauza kwa jina la karafuu umesema uongo, hata kama mdomo wako haukufunguka. Na wanaovusha karafuu kwa magendo usiku kwenda Mombasa wajiulize kwa nini kazi hiyo haifanywi mchana.

La pili ni ujira. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo tumaini lake. Yakobo 5:4 inaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Mungu. Kisiwa chetu kina sababu ya kulisikia onyo hili. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilichumwa na watumwa wasiolipwa chochote. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Mwaka huo huo wa 1897 Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, walianzisha misheni Pemba. Walinunua shamba huko Banani wakawaajiri watu waliotoka utumwani kwa ujira. Mahubiri yao yalipitia malipo ya kazi. Leo mwajiri anayemwambia kijana wa kazi za ndani "njoo mwezi ujao," miezi mitatu mfululizo, anarudi nyuma kuliko alikotoka babu wa kijana huyo.

Wachumaji wengi ni majirani zetu Waislamu. Hawataingia kanisani kusikiliza mahubiri. Watakachojua kuhusu imani yetu ni kipimo tulichowapimia na saa tuliyowalipa.

La tatu ni watoto. Mtoto akirudi na kopo la karafuu alizookota chini ya mikarafuu ya watu, akaziuza apate fedha ya maandazi, mzazi hufanya nini? Akinyamaza, amefundisha. Hakuna haja ya fimbo. Muulize amezitoa wapi, mwende pamoja kwa mwenye shamba, azirudishe kwa mkono wake. Njia hiyo fupi ataikumbuka kuliko mafundisho mengi.

La nne ni ulimi. Msimu ukiisha, mume na mke hugombania matumizi, na ndugu wa Bara hupiga simu kuomba. Maneno hutoka ambayo hayarudi. Waefeso 4:26 inataka jua lisituchwe tukiwa na hasira. Ujira na hasira vimewekewa saa moja: machweo. Vyote viwili vikilala, huamka vikiwa vizito zaidi. Baba na mama wanaweza kukubaliana jambo moja dogo: kabla ya taa kuzimwa, aliyekosa aseme, na aliyekosewa asikumbushie asubuhi.

Lengo la maonyo haya ni kuturudisha, na Biblia inaonyesha njia. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Aliyempunja mchumaji pishi kumi ampe za kumi na mbili. Zakayo katika Luka 19:8 aliahidi kurudisha mara nne, na hapo hapo Yesu akatangaza wokovu nyumbani mwake. Neema ilimfikia kwanza. Fedha zilizorudi zilionyesha kwamba imefika.

Ndugu msomaji, jioni hii kaeni kama familia mjiulize maswali matatu. Nani tunamdai msamaha? Nani anatudai fedha ya kazi yake? Kipimo chetu ni sawa kwa tunaponunua na tunapouza? Jina likipatikana, msingoje Jumapili. Nendeni kesho asubuhi, kabla hamjaanika karafuu.