Kuvu Yenye Sumu ya Buibui Yapambana na Mbu

Mwaka 1943, katika misitu ya Burma, Jenerali William Slim wa jeshi la Uingereza aliwahesabu wagonjwa wake akashtuka. Kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, askari 120 waliondolewa kwa maradhi, na malaria ilikuwa miongoni mwa maadui wakubwa kabisa. Mwaka uliofuata vijana wa Afrika ya Mashariki, askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, walipita katika bonde la Kabaw wakakutana na adui huyo huyo. Dawa ya Slim ilikuwa nidhamu: ukaguzi wa ghafla, kila mtu apimwe kama kweli amemeza kidonge chake cha mepakrini. Kikosi kilichokutwa na chini ya asilimia 95, mkuu wake aliachishwa kazi. Slim mwenyewe aliandika kwamba alilazimika kuwaondoa watatu tu. Waliobaki walikwisha elewa.

Ndugu askari unayekesha lindoni mpakani, au wewe polisi unayelala katika kituo kilicho kando ya kinamasi, huna haja ya kuelezwa zaidi. Mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na 95 katika kila 100 walikuwa wa bara letu. Tunacho chandarua, tunacho kidonge, tunayo dawa ya kupulizia kuta. Lakini mbu naye amejifunza vita. Sehemu nyingi za Afrika amekuwa sugu kwa dawa zinazopakwa kwenye vyandarua, hata hutua juu yake na kuondoka salama.

Ndiyo maana wataalamu wamegeukia silaha iliyo hai, nayo ni kimelea kimuuacho mbu mwenyewe.

Kimelea hicho ni kuvu iitwayo Metarhizium. Huishi udongoni, na wataalamu wanaijua tangu zamani. Mwaka 1879 Elie Metchnikoff, kule Odessa, aliijaribu dhidi ya bungo waliokuwa wakiharibu ngano. Ndugu yake mwingine hula nzige: mwaka 2009 dawa iliyotengenezwa kwa kuvu ya jamii hiyo ilipuliziwa nzige wekundu huko Tanzania, katika Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Namna inavyoshambulia yafaa isomwe na kila aliyepata mafunzo ya kuvamia ngome. Vijimbegu vyake visivyoonekana kwa macho hunasa kwenye ngozi ngumu ya mdudu. Humea, huitoboa ngozi hiyo, huingia katika damu yake na kuzaana humo mpaka mwenyeji afe. Mdudu hana haja ya kuila wala kuinywa; kuigusa kwatosha.

Mwaka 2005 ulitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Lupiro, karibu na Ifakara, Tanzania. Vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa kuvu hiyo vilitundikwa ndani ya nyumba za wanakijiji, na mbu waliotua hapo kupumzika waliambukizwa. Hata hivyo palikuwa na kasoro moja, nayo si ndogo: kuvu ya asili huua polepole. Mbu aliyemnyonya mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa mwilini mwake. Kuvu ikichelewa, mbu hupata nafasi ya kuuma tena.

Hapo ndipo ufundi wa kisasa ulipoingia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na wenzao wa Burkina Faso walichukua jeni inayotengeneza sumu ya buibui mmoja wa Australia, wakaipandikiza katika kuvu. Buibui huichoma sumu kwa meno yake. Kuvu huizalisha ikiwa tayari imo mwilini mwa mbu. Tena waliifunga jeni hiyo kwa kufuli ya aina yake: haifanyi kazi mpaka kuvu ihisi kwamba imo ndani ya damu ya mdudu. Mbegu iliyo kitambaani au udongoni haitoi sumu hiyo.

Jaribio lilifanyika Soumousso, Burkina Faso, ndani ya jengo kubwa la wavu lililogawanywa vyumba, lenye vibanda, mimea na madimbwi kama ya kijijini. Kila chumba kiliwekewa mbu 1,500 waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Vitambaa vyeusi vilitundikwa, vimepakwa mafuta ya ufuta. Katika chumba cha kwanza mafuta yalikuwa matupu. Cha pili yalichanganywa na kuvu ya asili. Cha tatu na kuvu yenye sumu ya buibui. Baada ya siku 45, yaani vizazi viwili vya mbu, hesabu ilikuwa hivi: chumba cha kwanza mbu 1,396, cha pili 455, cha tatu 13. Matokeo hayo yalichapishwa Mei 2019.

Msomaji mwenye kushika bunduki atauliza swali ambalo raia huenda asiulize: je, silaha hii hutii amri ya kusimama? Swali hilo ni la haki. Bomu lililotegwa ardhini halijui kwamba vita vimekwisha. Kwa maoni ya mwandishi, wabunifu wa kuvu hii wamejibu vema kuliko wengi. Jua kali huviua vijimbegu vyake, kwa hiyo nje ya nyumba havidumu. Nyuki waliojaribiwa hawakudhurika. Wala jeni hii haikuundwa ijisambaze yenyewe kizazi hadi kizazi, kama ilivyo katika mipango mingine ya kumgeuza mbu mwenyewe ili arithishe udhaifu kwa wana wake wote. Mbu wa namna hiyo akiruka mpaka, hakuna afisa wa uhamiaji atakayemrudisha.

Lakini wavu wa Soumousso una kuta, na kijiji hakina. Kutoka hapo kwenda nje yahitajika idhini ya serikali na ya wananchi wenyewe, na idhini hiyo hupatikana kwa shida. Burkina Faso hiyo hiyo iliruhusu mwaka 2019 mbu dume tasa waliobadilishwa jeni waachiliwe katika kijiji cha Bana. Mwezi Agosti 2025 serikali ilisimamisha mradi huo wote wa mbu, maabara zake zikafungwa na sampuli zikaamriwa kuteketezwa. Kuvu haikuwa sehemu ya mradi huo, ila kila mwenye kimelea kipya mkononi sasa atapita katika mlango ule ule, na mlinzi wa mlango amekwisha kuwa na shaka.

Kwa hiyo usiku huu, kambini, silaha iliyopo ni ile ile ya zamani. Chandarua kilichotoboka kishonwe kabla jua halijatua.