Nuru Ndiyo Inayopiga Picha

Katika nyumba nyingi hutundikwa ukutani picha moja tu ya mzazi aliyefariki, na mara nyingi picha hiyo haionyeshi uso. Mzee aliketishwa mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Kiti chaonekana, fimbo yaonekana, lakini uso ni kivuli kitupu. Watu huilaumu kamera, kumbe kosa ni la aliyeishika: alimtazama mzee, hakuitazama nuru.

Jicho la mtu huzoea upesi. Atokaye uani akaingia ndani, baada ya kitambo kidogo huona mlango unaong'aa na pembe yenye giza pia. Kamera haina uwezo huo wote. Mlango ukiwaka mno, kamera huufuata mlango, na aliyeketi mbele yake huachwa gizani.

Ufundi huu wenyewe ulianzia dirishani. Mnamo mwaka wa 1826 au 1827, Mfaransa Nicéphore Niépce aliielekeza kamera nje ya dirisha la nyumba yake, ndani yake mna bamba la madini lililopakwa lami. Picha hiyo, ambayo ni ya kale kuliko zote za kamera zilizosalia, ilihitaji jua la saa nyingi. Ndiyo sababu kuta zinazoelekeana zimeangazwa zote mbili, kana kwamba asubuhi na jioni zimekutana. Mwaka wa 1835, Mwingereza William Henry Fox Talbot naye alipiga picha ya dirisha la nyumba yake huko Lacock.

Basi atakaye picha njema na aichunguze kwanza nyumba yake mwenyewe. Saa sita mchana, katika nchi iliyo kwenye Ikweta, jua husimama utosini, na kofia huyafunika macho kwa kivuli. Afadhali asubuhi mapema au jioni. Ama chini ya upenu, uso ukielekea nje. Ndani ya nyumba, mtu aketi kando ya dirisha na kuligeukia. Ukuta wa chokaa au shuka nyeupe upande wa pili itarudisha nuru kwenye shavu lenye giza.

Siku hizi wengi wana kamera katika simu zao, wala hawanunui filamu; lakini nuru haikubadilika. Maadamu mzee yu hai, kiti chake na kigeuzwe leo, ili wajukuu waje kuujua uso wake.