Asubuhi Tanga, mchana unatetemeka Lushoto!

Mpenzi msomaji, kama uko Tanga mjini na kila wikiendi yako inaishia Raskazone na chupa mbili za baridi, ukurasa huu ni wako. Mwenzako nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mchumba akanitolea uvivu: "Ijumaa ya nne hii, kiti kilekile, chipsi zilezile. Kama huna pa kunipeleka, sema!"

Maji yalishafika shingoni. Nikajikaza: "Kesho Lushoto. Kwenda na kurudi."

Saa 12 asubuhi tuko stendi. Yeye kabeba sweta, mimi fulana tu. Nikamcheka. Sweta la nini, Lushoto si mkoa huu huu wa Tanga?

Muheza ikapita, Segera, Korogwe, mkonge kila upande na joto lake. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi, unakata kulia, na hapo zimebaki kilomita 33 za kupanda Usambara. Raha inaanza hapo, na woga pia! Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Dereva anapiga honi kila kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili unaangalia mapaa ya nyumba kwa juu. Ukipita maporomoko ya Soni, hewa imeshabadilika.

Mjini Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, fulana yangu iliniumbua. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, na walipapenda kwa baridi hiyohiyo iliyokuwa inanigonganisha meno.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia muuza peasi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa Tanga mjini, hata usiseme."

Bibie akanitupia khanga. Nikajifunga mabegani, nitafanyaje?

Sasa sikiliza ushauri: usianze na baa, baa ziko hata kwenu. Nenda Irente kwanza, kabla ukungu haujakufanyia roho mbaya. Kwa miguu ni zaidi ya saa moja. Mwenye viatu vya mchuchumio achukue bodaboda. Njiani kuna shamba la Irente la Walutheri, wanatengeneza jibini, jamu na mkate wao mweusi. Tulikula mpaka tukasahau chipsi.

Halafu ukafika ukingoni. Jamani! Mlima unakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yako ni tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge kama mikeka iliyotandikwa, malori kwenye barabara kuu kama viberiti.

Tukakaa kimya. Kisha akauliza, bila kunitazama: "Hivi kwetu utakuja lini?"

Baa ningejifanya muziki umenizidi. Pale hakuna muziki, mbele korongo, nyuma yeye na sweta lake. Nikasema mwezi ujao.

Kurudi, usitegemee gari la moja kwa moja jioni. Teremka mapema hadi Mombo, udake basi linalotoka Arusha au Moshi kwenda Tanga. Sisi tulisimama mpaka Korogwe, mimi bado na khanga mabegani, makondakta wananicheka. Yeye alilala begani kwangu kuanzia Segera.

Mwezi ujao wenyewe unaanza wiki ijayo. Sweta nimeshanunua, mshenga bado natafuta.