Alitoka na Jina Tupu: Tina Turner na Santuri Iliyomrudisha

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake sikuishika sawasawa mpaka siku moja mwaka wa 1985, nilipokuwa nimekaa uani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, nikisikiliza kanda ya mwimbaji wa Kimarekani.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka. Mwaka ule vijana wa mjini walikuwa hawana jingine ila kanda hiyo. Muuza kanda wa mtaani kwetu akiipiga tangu asubuhi, akaizima kwa adhana ya adhuhuri, akarudi kutoka msikitini na kuiendeleza pale pale alipoikatia. Jina la kanda lilikuwa Private Dancer. Mwimbaji wake, Tina Turner.

Shangazi hakuwa mpenzi wa nyimbo za Kizungu. Yeye na taarab, taarab na yeye. Lakini siku ile alikuwa akishona kofia, na ghafula sindano ikasimama.

"Huyu mwanamke ana umri gani?" akaniuliza.

"Arubaini na mitano, shangazi."

"Nilijua. Hiyo si sauti ya mwari. Huyo kaona mambo."

Basi nikamsimulia aliyoyaona, nami leo nakusimulia wewe, msomaji mpenzi, kwani wengi wanaujua wimbo wake, bali habari ya santuri yenyewe hawaijui.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1939 katika jimbo la Tennessee, akaitwa Anna Mae Bullock. Alikulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba, na pamba hiyo aliichuma kwa mikono yake akiwa mtoto. Alipokuwa msichana alikwenda kukaa mji wa St. Louis, na huko akakutana na Ike Turner, mpiga gitaa mwenye bendi yake. Mwaka wa 1960 mwimbaji aliyetakiwa kurekodi wimbo uitwao A Fool in Love hakutokea, Anna Mae akaimba badala yake. Wimbo ukavuma. Ike akamtungia jina jipya, Tina Turner, na kulisajili liwe mali yake mwenyewe, ili binti huyu akitoroka apate kumweka mwingine jukwaani kwa jina lile lile. Wakati huo walikuwa hata hawajaoana! Walioana mwaka wa 1962.

Vibao vilifuatana. River Deep – Mountain High mwaka wa 1966 ulipendwa sana Uingereza, na Proud Mary wa 1971 ukawapatia tuzo ya Grammy. Lakini nyuma ya pazia, Mola atuepushe, palikuwa na kipigo. Fedha zote zilikuwa mkononi mwa mume, na mke akipanda jukwaani na uso uliovimba, amejipaka poda kuuficha.

Mwanzoni mwa Julai 1976 walifika mji wa Dallas kufanya onyesho. Walipigana ndani ya gari, na walipofika hotelini mume akalala. Tina akatoka kwa mlango wa nyuma, nguo zina damu, akakimbia kuvuka barabara kuu yenye magari ya kasi mpaka hoteli ya pili. Alikuwa na senti 36 na kadi ya petroli. Hana kingine.

Talaka ilikamilika mwaka wa 1978. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tina alikuwa na haki ya kudai nyumba, studio na mapato ya nyimbo. Aliyaacha. Madeni ya maonyesho yaliyovunjika kwa kutoroka kwake yalimwangukia yeye, akakubali kuyabeba. Kitu kikubwa alichokishikilia mbele ya hakimu ni jina: Tina Turner. Jina ambalo hakupewa na mama wala baba, alilobandikwa na mtu aliyetaka kummiliki, ndilo alilolitaka.

Watu wengi waliona ni upumbavu. Jina halipikwi likalika! Na kwa miaka kadhaa ilionekana kuwa wamesema kweli. Aliishi kwa msaada wa chakula wa serikali, akiwafagilia nyumba marafiki waliompa hifadhi. Aliimba katika kumbi za hoteli mbele ya watu wanaokula. Santuri mbili alizotoa, Rough ya 1978 na Love Explosion ya 1979, hazikununuliwa. Kwa makampuni ya santuri alikuwa mwanamke aliyepita makamo, wa zama zilizokwisha.

Mambo yalianza kugeuka alipompata meneja mpya, kijana wa Australia aitwaye Roger Davies. Huyu alimtoa katika mavazi na nyimbo za hotelini, akamrudisha kwenye muziki wa nguvu. Mwanzoni mwa 1983 David Bowie, mwimbaji mashuhuri wa Uingereza, alikuwa mjini New York na wakubwa wa kampuni ya santuri. Akawaambia usiku ule anakwenda kumsikiliza mwimbaji anayempenda kupita wote. Wakafuatana naye, wakamkuta Tina jukwaani. Macho yakawafunguka.

Hata hivyo mlango haukufunguliwa Marekani kwao, bali London. Huko vijana wapiga vinanda vya umeme, akiwamo Martyn Ware, walimpa wimbo wa zamani wa Al Green, Let's Stay Together. Ulitoka mwishoni mwa 1983 na kupanda hadi nafasi ya 6 Uingereza. Hapo kampuni ikashtuka, ikataka albamu nzima mara moja. Ilirekodiwa Uingereza kwa muda wa majuma mawili hivi, watayarishaji mbalimbali wakigawana nyimbo, na mwishoni mwa Mei 1984 ikawa madukani.

Ukiisikiliza leo utaona alama za haraka ile. Baadhi ya vinanda vimechakaa, na wimbo wa Bowie uitwao 1984 nauona mwembamba kwa sauti nzito kama yake. Lakini sauti ndiyo iliyoishona kanda nzima ikawa nguo moja. Alipoimba I Can't Stand the Rain, wimbo wa Ann Peebles, hakuuiga, aliuvaa. Ni soul ya kanisani na mashambani iliyowekwa juu ya mitambo ya kisasa, na mitambo ikanyenyekea.

Wimbo uliobeba jina la santuri ulitungwa na Mark Knopfler, aliyeona haufai kuimbwa na mwanamume. Ni habari ya mwanamke anayecheza ngoma kwa malipo. Kweli, si wimbo wa kupiga mbele ya wazee, na mavazi yake Tina jukwaani si ya kuigwa kwetu. Lakini asikilizaye kwa makini hasikii uchafu. Asikia majonzi ya mtu anayehesabu fedha huku akitamani kuishi kama watu wengine.

Na ule wimbo mkubwa, What's Love Got to Do with It, alikuwa ameukataa! Aliuona mwepesi, si wa mtindo wake. Meneja akambembeleza, na Terry Britten, mmoja wa watunzi wawili, akaubadili ukaingia kooni mwake. Mwanamke anayeuliza mapenzi yana kazi gani hapa, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyelipia swali hilo kwa mwili wake, nani asimwamini? Wakati wimbo unapanda, Tina alikuwa akizunguka Marekani kumfungulia jukwaa Lionel Richie. Septemba 1984 ukawa wa kwanza Marekani kwa majuma matatu. Alikuwa na umri wa miaka 44, na miaka 24 ilikuwa imepita tangu A Fool in Love. Februari 1985 ukapata Grammy ya rekodi bora ya mwaka, na yeye mwenyewe akapata mbili nyingine za uimbaji. Marekani peke yake santuri hiyo ilipita nakala milioni 5.

Nilipomaliza kusimulia, shangazi alikuwa kimya. Nilidhani ataniuliza juu ya fedha, au juu ya watoto. Akauliza, "Na lile jina, hakimu alimpa?"

"Alimpa, shangazi."

"Basi alichukua kubwa," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Baadaye nilikumbuka jambo ambalo nyumbani lilikuwa halisemwi. Shangazi mwenyewe alitoka katika ndoa yake kwa khului. Alirudisha mahari, akaacha kitanda na vyombo, akatoka na buibui alilovaa na sindano zake. Kwa kofia hizo alisomesha watoto watatu, na mafundi wa mjini wakazijua kwa jina lake.

Mwaka wa 2021 ilitoka filamu ya maisha ya Tina. Humo alieleza kwamba yeye hakuihesabu Private Dancer kuwa santuri ya kurudi, kwa sababu Tina alikuwa bado hajafika. Hapo ndipo alipoanza. Nilipoyasikia nilitamani shangazi angekuwa hai anisikilize nikimfasiria.

Tina Turner alifariki Uswisi tarehe 24 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 83. Jioni ile niliitafuta kanda yangu ya zamani. Utepe umelegea na sauti yayumba kidogo. Juu ya karatasi rangi zimefifia, ila jina ningali nalisoma.