Kizazi kushuka: Akina mama, ulizeni kwanza habari ya wavu

MAMA mmoja niliyekua naye katika makazi ya Mishamo, Tanzania, ambaye siku hizi anavusha dagaa katika mpaka wa Manyovu, alinijia jioni moja akanong'ona: "Mwalimu, wewe ni mwanamke mwenzangu. Kizazi changu kinatoka nje."

Amezaa watoto saba, na mzigo haujakauka kichwani mwake tangu turudi Burundi. Kwa miaka mitatu alikuwa ameficha.

Hakuja kuomba nauli ya hospitali. Binti yake aliye Marekani alimwambia kwa simu kwamba wanawake wa huko waliofanyiwa upasuaji waliwekewa wavu wa plastiki, wakaumia hadi wakaenda mahakamani. "Basi heri nife nacho," akasema.

Binti hakusema uongo. Wavu huo uliwekwa kupitia ukeni ili kushikilia kizazi au kibofu kilichoshuka. Baadhi ya wanawake walipata maumivu yasiyoisha, wengine wavu ukatokeza ukeni, tendo la ndoa likawa mateso. Kuutoa ni kazi ngumu, kwa sababu nyama huota ndani yake.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016, uliohusisha wanawake zaidi ya 1,300, ulionyesha kwamba katika miaka miwili ya kwanza wavu haukuwa na faida kuliko kushona kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Zaidi ya mmoja kati ya 10 waliowekewa walipata matatizo ya wavu. Australia iliamua mwaka 2017 kuuondoa sokoni, na Aprili 2019 Marekani ikaamuru watengenezaji waache kuuuza kwa kazi hiyo. Wavu unaowekwa kupitia tumboni ni upasuaji mwingine. Amri hiyo haikuugusa.

Lakini ndugu wasomaji, ubaya wa wavu si ubaya wa matibabu yote. Kizazi kilichoshuka kidogo husaidiwa na zoezi la kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo. Ipo pete laini ya kuingizwa ukeni, inayoshikilia kizazi bila kisu. Upo pia upasuaji wa kushona bila wavu, ingawa tatizo laweza kurudi, hasa ukirudia mizigo mizito.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari alimpima, akamwekea pete, akampa tarehe ya kurudi kukaguliwa. Njiani alicheka, kisha akalia: "Miaka mitatu, Mwalimu!"

Kwa hiyo, mama unayehisi uzito ukeni au kitu kikishuka, nenda ukapimwe. Ukiambiwa upasuaji, uliza: Je, mtaniwekea wavu? Kupitia wapi? Kuna njia nyingine? Kuuliza si utovu wa adabu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wengi wetu tumezaa, ndipo tukaanza kuficha.