Ngome Ndogo za Makupa

Itajwapo ngome ya Mombasa, fikira huelekea Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Lakini ngome hiyo hutazama bahari, na kisiwa kilikuwa na mlango wa pili: kivuko cha Makupa, jirani na Tudor. Maji yakipwa, adui wa bara alivuka kwa miguu. Mwaka 1589, Wareno walipozishinda meli za Waturuki zilizokilinda kivuko, Wazimba waliingia na kuwaua wenyeji wengi. Baadaye, ajabu ya mambo, Wareno hao hao wakalazimika kujenga ngome ndogo papo hapo. Fort Jesus iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Makupa hupitiwa na malori, juu ya daraja.